Mguu Wangu Ulikatwa Mara Mbili

Siku ya kuanua matanga ya baba mdogo, kule Ngana, nilitoa kadi yangu ya bima ya afya kwenye mfuko wa shati nikampa ndugu yangu Anyosisye mbele ya ukoo mzima. Kama ningerudishiwa siku moja tu katika maisha yangu, ningeomba ile, ili nikatae. Mke wangu, mama Lusajo, alikuwa ameketi nyuma yangu kwenye mkeka. Alinivuta shati. Nilijifanya sikuhisi.

Ukoo wetu una desturi. Marehemu akishazikwa na siku za msiba kwisha, watu hawaondoki mpaka kila mzigo aliouacha upate mwenyewe. Huyu atasomesha yatima, yule atamaliza nyumba iliyofika kwenye renta. Ukitajwa unasema "ndaga", yaani asante, na neno limekwisha. Sijawahi kuona mtu akikataa. Anayekataa huonekana amemrudisha marehemu mlangoni.

Mzigo wa baba mdogo ulikuwa Anyosisye mwenyewe, mwanawe. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako kamili, hakuna anayemwita binamu. Yeye aliishi ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, akiuza vitenge, mpaka lori la mahindi lilipompondaponda mguu wa kushoto. Walimkata chini ya goti. Alivuka kuja kumzika baba yake kwa magongo, na pale kaburini gongo moja lilizama kwenye udongo mbichi akaanguka. Wote tuliona.

Shangazi yetu ndiye aliyesema. "Ambakisye, wewe ulifanya kazi ya serikali, una kadi inayotibu kila kitu. Mwenzako hana. Na sura ni moja. Mimi niliyewabeba mgongoni huwa natazama masikio ndipo najua huyu ni nani."

Watu walicheka, kicheko cha kwanza tangu msiba uanze. Katikati ya kicheko kile nikasema ndaga.

Usiku ule mama Lusajo aliniambia, "Baba Lusajo, wewe una sukari. Kadi ile ni ya miguu yako."

"Miguu yangu ni mizima," nikamjibu.

Mimi ni mkulima wa mpunga hapa Ngonga, wilaya ya Kyela. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikaajiriwa karani wa masjala kwenye halmashauri, nikastaafu. Ukistaafu utumishi wa umma, bima inakufuata nyumbani, wewe na mwenzi wako. Maisha yangu ya kazi yote yalikuwa kupanga mafaili ya watu. Nilijua vizuri kuliko shangazi kwamba kinachoingia kwenye faili la mtu hakitoki kwa urahisi. Kwa hiyo siwezi kusema nilidanganywa, wala kwamba sikuelewa.

Mguu wa bandia hautolewi kama panadoli. Daktari anakuona, anaandika kwamba unahitaji kifaa, hospitali inaomba kibali kwenye ofisi ya bima, na wewe unasubiri. Kibali kikija unapimwa, kigutu kinazungushiwa plasta ili wapate umbo lake, halafu unasubiri tena karakana itengeneze. Nilimsindikiza Anyosisye Mbeya kila hatua, maana yeye alikuwa amebeba jina langu na mimi ndiye niliyejua majibu. Siku zile walitazama picha na kuuliza mwaka wa kuzaliwa. Mashine za alama za vidole zilikuwa bado. Picha ya kwenye kadi ilipigwa zamani, kabla sukari haijanikausha mashavu, na kusema kweli ilifanana naye kuliko mimi.

Siku ya vipimo tulikaa kwenye benchi refu la simenti, baridi ya Mbeya ikipanda kutoka chini. Anyosisye alisinzia. Mhudumu akatoka akaita jina langu, nami nikasimama.

"Naam."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye Ambakisye? Umekuja kupima mguu upi, wa tatu?"

Benchi zima likacheka. Nikasema namwitikia kaka, hasikii vizuri. Tangu siku ile Anyosisye akawa kiziwi. Kila aliposemeshwa aliweka kiganja sikioni, na wauguzi wakawa wanampigia kelele kwa upole. Usiku, kwenye chumba cha kulala wageni, tulicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Nasema hivi kwa sababu ni kweli: tulifurahi. Alipoingiza kigutu kwenye ule mguu na kutembea kati ya vyuma viwili, akaviachia, alilia, nami nililia. Akaniambia "ndaga fijo, kaka" mbele ya fundi, akasahau kwamba mimi si Ambakisye na yeye ni kiziwi. Fundi alikuwa anakaza skrubu, hakuinua kichwa.

Wakati wa mavuno alikuja kwetu bila magongo, akacheza ngoma kwenye harusi. Watu walimrushia pesa.

Kadi ilikuwa imerudi kwangu, nami niliendelea na kliniki yangu ya sukari, Ipinda. Mwanzoni hakuna aliyeniuliza kitu. Muuguzi wa pale, binti tuliyemwita Sista Tumpe, alikuwa na tabia ya kuwavua wazee viatu. Anapapasa nyayo, anachoma kidogo kwa ncha ya uzi mgumu, anauliza, "Hapa unasikia?" Wazee walimtania kwamba anatafuta mchumba kwa kuanzia miguuni. Mimi upande wa kushoto nilikuwa nimeanza kutosikia, na yeye alijua.

Halafu kompyuta zikafika. Msimu wa maembe ulikuwa umeanza, nakumbuka nilimpelekea mfuko wa maembe. Alikuwa akisoma kwenye kioo.

"Baba, humu wanasema mguu wako wa kushoto ulikatwa chini ya goti, na bima ilikupa wa bandia. Hebu niuone, maana unatembea vizuri kuliko mimi."

Nilicheka, kicheko kikakauka njiani. Nikasema labda kuna mtu wa jina kama langu.

"Na namba ya kadi kama yako?" Hakusema kwa kejeli. Alikunja uso tu, kama mtu aliyekuta jiwe kwenye wali. "Usijali. Nitawaandikia wasahihishe. Wewe ni mtu wa sukari, mguu huu ukipata jambo tutahitaji kibali upesi. Sasa nitamwombeaje kibali mtu mguu ambao haupo?"

"Usiandike, mwanangu. Nitakwenda Mbeya mwenyewe."

Sikwenda. Nilitoka pale nikaacha hata vidonge vyangu dirishani. Kuanzia hapo sikukanyaga kliniki. Mama Lusajo alipouliza, nilimwambia wamebadilisha siku. Vidonge nilinunua duka la dawa, nikipata pesa nameza, nisipopata naacha. Nilikuwa naogopa polisi, naogopa kanisani watasema nini, naogopa zaidi kwamba watamfuata Anyosisye wamvue mguu. Mambo haya niliyazungusha kichwani kila siku, na hakuna hata moja nililomuuliza mtu.

Jeraha lilikuja wakati wa kupandikiza mpunga. Mvua ya Kyela mnaijua. Nilishinda jarubani na mabuti ya mpira, nikarudi jioni, nikavua, na soksi ya kushoto ilikuwa nyekundu. Ndani ya buti kulikuwa na kipande cha gamba la konokono. Nilikuwa nimekikanyaga tangu asubuhi bila kusikia chochote. Chini ya kidole gumba palikuwa na tundu dogo, safi, kama limetobolewa na msumari.

Tundu lile lingeisha. Sista Tumpe angelisafisha, angenifunga, angenigombeza. Badala yake nilijitibu. Maji ya moto ya chumvi. Unga wa vidonge vya rangi mbili, nilivipasua nikanyunyizia. Majani fulani ambayo jirani aliniapia. Kidole cha pili kikavimba, kikawa na rangi ya kokoa iliyochachuka. Nililala na soksi. Juu ya soksi nilifunga mfuko wa nailoni ili shuka lisichafuke. Kanisani nilihamia benchi la nyuma karibu na mlango, penye upepo.

Kisha nyumba ikaanza kunuka. Mama Lusajo akasema kuna panya amekufa nyuma ya magunia ya mpunga. Tuliyahamisha magunia yote. Mimi nilimsaidia kuyahamisha. Nilichechemea nikimshikia upande mmoja wa gunia, naye akimulika na tochi ya simu, akimtafuta panya, na mimi nikimwambia, "Tazama na kule kwenye kona." Akapiga deki kwa dawa. Asubuhi harufu ipo. Jioni ya pili alipoketi kitandani, alinigeukia.

"Baba Lusajo, panya ni wewe. Vua soksi."

Nikavua. Hakupiga kelele. Aliketi sakafuni akaushika mguu ule kwa mikono miwili, na mimi sikusikia mikono yake.

"Tunakwenda hospitali."

"Kwa kadi gani?"

"Yako."

"Kwenye kadi yangu mguu huu ulishakatwa, mama Lusajo."

Alifikiri. Alijua tangu Ngana, lakini nadhani ndipo alipoelewa kwa nini siku za kliniki zilikuwa zikibadilika kila mwezi. "Mguu upo hapa," akasema. "Unaoza. Inuka."

Hospitali ya wilaya walinitazama wakaniandikia Mbeya siku hiyohiyo. Kadi sikuitoa. Lusajo, mwanetu, aliuza ng'ombe, na mpunga tuliouhamisha tukimtafuta panya ukaenda wote. Daktari aliyenipokea hakuwa mtu wa maneno mengi. Alibonyeza juu ya kifundo, akabonyeza chini ya goti, akanusa.

"Mzee, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Ungekuja lilipoanza tungesafisha tu. Hata ungechelewa kidogo, tungetoa vidole viwili. Sasa tunaongea habari ya goti."

Walijaribu kuliokoa goti. Nilikaa siku kadhaa na dripu, miguu ikiwa juu ya mto, nikitazama mstari wa kalamu waliouchora kwenye muundi ili waone kama weusi unapanda. Ulipanda ukaupita. Walichora mwingine. Ulipanda. Wakakata juu ya goti.

Sitaeleza upasuaji, sikuuona. Nitaeleza wodi, kwa sababu kama unakwenda huko, huko ndiko utakakoishi. Jirani yangu alikuwa mzee kutoka Tukuyu, naye wa sukari. Asubuhi ya kwanza aliniambia, "Karibu. Wodi hii tukijumlishana tunapata miguu ya timu nzima ya mpira, ila kipa atakosa." Alinipa nusu ya chai yake. Kula sikuweza, kwa siku nyingi, mpaka mama Lusajo alipoleta mbalaga aliyopika kwa wenyeji wake, ndizi zimelainika kabisa, nikala vijiko vichache na jasho likanitoka.

Tena kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia kabla. Mguu uliokatwa unaendelea kuwasha. Vidole vyangu vya kushoto viliwasha usiku kucha, vile vile ambavyo kwa miaka vilikuwa na ganzi. Vilipokuwepo sikuvisikia, vilipoondoka nikavisikia vyote. Nilikuwa nalia kama mtoto. Mama Lusajo akaniuliza, "Panawasha wapi hasa?" Nikamwonyesha pale kwenye godoro, ambapo unyayo ungekuwa. Akainama akakuna godoro. Akakuna kwa kucha, taratibu, mpaka nikasinzia. Sijui ilisaidiaje, lakini ilisaidia. Aliendelea hivyo mpaka niliporuhusiwa.

Tuliporuhusiwa, kabla ya kurudi Kyela, nilimwomba anipeleke ofisi ya bima. Nilikuwa nimechoka kuogopa. Kijana aliyetupokea alikuwa mpole, akanivutia kiti, akanitaka niweke kidole kwenye mashine. Akasoma. Akanitazama suruali iliyopindwa.

"Pole sana, mzee. Ila humu unaonekana ulikatwa zamani, na kifaa ulishapokea. Kimeharibika?"

"Aliyekatwa zamani ni ndugu yangu. Mimi nilimpa kadi. Aliyekatwa sasa ni mimi."

Alinyanyuka akafunga mlango. Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika, lakini hakunitukana. Alisema bima yangu na ya mama inasimama mpaka uamuzi utolewe, kwamba gharama ya mguu ule italazimika kurudishwa, na kwamba kwa sasa hawezi hata kupokea maombi ya mguu kwa jina langu. Mama Lusajo akauliza, "Na vidonge vyangu vya presha?" Kijana akanigeukia mimi.

Kisha akaniuliza swali ambalo bado linaniuliza. "Mzee, kwa nini hukuja ukiwa mzima? Wapo waliokuja wakasema wenyewe. Tuliandikishana, wakalipa kidogo kidogo, kumbukumbu zikasahihishwa, wakaendelea kutibiwa. Hukujua?"

"Sikujua."

"Uliuliza?"

"Sikuuliza."

Tulishuka kupitia ukungu wa Tukuyu mpaka joto lilipotupokea chini. Kwa miezi iliyofuata mama Lusajo hakunilaumu hata neno moja. Ila alikuwa akikata vidonge vyake vya presha nusu kwa nusu ili vifike mwisho wa mwezi, na kila asubuhi nilisikia kisu kikigonga sahani. Hilo lilitosha.

Mpunga wa wenzetu ulipokuwa umevunwa, Anyosisye alivuka mto. Nilimwona kutoka kibarazani, na sikuelewa kwanza ninachokiona: alikuwa kwenye magongo, amebeba kiroba mgongoni. Akaketi, akafungua kiroba, akautoa mguu. Alikuwa ameuosha, na kiatu chake ameking'arisha.

"Kaka, nimekuletea mguu wako. Uliandikwa jina lako tangu mwanzo."

"Acha ujinga. Utarudije?"

"Kama nilivyokuja. Jaribu kwanza."

Nilimwambia haiwezekani. Hakusikia, safari hii kiziwi kweli. Alipiga goti lake moja mbele yangu akakipandisha kile kikombe cha mguu kwenye kigutu changu, akakigeuza, akakisukuma. Kikombe kile kilitengenezwa kwa umbo la mtu aliyekatwa chini ya goti. Mimi goti sina. Kigutu changu ni kinene na kifupi, na kikombe kilining'inia pale kama ndoo kichwani kwa mtoto. Akajaribu tena. Mama Lusajo akaja akamshika bega.

"Shemeji, basi."

Tulikaa watatu, mguu umelala mkekani katikati yetu na kiatu chake kinachong'aa. Anyosisye akasema, "Ningekataa pale Ngana."

"Uliyepaswa kukataa ni mimi," nikamwambia. "Vaa mguu wako. Angalau mmoja wetu atembee."

Alivaa. Alipoondoka nilimsikiliza hatua zake kwenye changarawe mpaka barabarani, moja nzito, moja nyepesi.

Gharama ile tumemaliza kuilipa, Lusajo na Anyosisye na mimi, na kadi imefunguliwa. Mama Lusajo anameza kidonge kizima. Nimerudi kliniki ya Ipinda, Sista Tumpe ananivua kiatu kimoja, na kila mwezi anasema kazi yake kwangu ni rahisi siku hizi. Amenishauri niombewe kibali cha mguu wa bandia. Daktari ameandika na kibali kimetoka, lakini fundi wa karakana ameniambia wazi kwamba wa juu ya goti ni mzito, unataka nguvu na mafunzo marefu, na kwa umri wangu utanitoa kitandani mpaka kibarazani, labda mpaka kanisani kukiwa kukavu. Jarubani hapana. Majaruba yangu analima mtu mwingine, na ninamwona kutoka hapa akikosea mifereji.

Kwa hiyo wewe mwenye sukari uliye na jambo unalolificha, liwe la kadi au la aibu nyingine yoyote, nenda ukaonyeshe mguu kwanza. Mengine yatasemwa baadaye.

Nilimpa ndugu yangu jina langu ili apate mguu, naye akaupata. Kwa sababu hiyo niliogopa kuonyesha kidonda ambacho, hata kingezidi, kingenigharimu vidole viwili tu. Kimenigharimu mguu wa kushoto, goti likiwamo.